Goti linauma, viganja vinakufa ganzi: je, nivumilie mpaka mwili uizoee baiskeli?

SWALI: Mtaalamu, nimenunua baiskeli iliyotumika ili niende nayo kazini. Kutoka nyumbani hadi kazini ni kilomita 9. Siku za mwanzo nilifurahi sana, lakini sasa goti langu la kulia linauma kwa mbele, viganja vinakufa ganzi, nafika kazini nimelowa jasho, na magari yanapita karibu nami kiasi kwamba naukamata usukani kwa nguvu zangu zote. Marafiki zangu waendeshaji wananiambia nivumilie, mwili utazoea. Tena wamenialika mwezi ujao tukaendeshe kilomita 40 kwa siku moja. Je, nivumilie tu, au kuna kitu ninachokosea?

JIBU: Ndugu yangu, usivumilie. Marafiki zako wanakutakia mema, lakini wamechanganya mambo mawili. Kuna maumivu ambayo mwili huyazoea kweli: mapaja kuchoka, pumzi kukata kwenye mlima, na makalio kuuma pale mifupa ya kukalia inapogusana na kiti. Hayo hupungua yenyewe wiki hadi wiki ukiendesha mara kwa mara. Lakini goti linalouma, viganja vinavyokufa ganzi na hofu ya magari havizoeleki. Hivyo ni taarifa kwamba baiskeli haijawekwa kwa kipimo chako, au kwamba kuna jambo hujafundishwa. Ukivumilia, goti litazidi kuuma na baiskeli itaishia kuegemezwa ukutani. Watu wengi niliowaona wakiacha baiskeli hawakuwa wavivu hata kidogo. Waliacha kwa sababu ilikuwa inawaumiza, na hakuna aliyewaambia kwamba haikupaswa kuwaumiza.

Tuanze na goti, maana hilo ndilo la haraka.

Goti linalouma kwa mbele, karibu na pia ya goti, mara nyingi hutokana na kiti kilichoshushwa mno. Karibu kila anayeanza hukishusha kiti mpaka nyayo zote mbili zikanyage chini akiwa amekaa, kwa sababu anaogopa kuanguka akisimama. Namwelewa, lakini matokeo yake ni kwamba goti halinyooki kamwe. Unanyonga pedali kama mtu anayepanda ngazi huku amechuchumaa, na mzigo wote unaangukia pia ya goti. Katika mwendo wa kawaida, kilomita 9 zinaweza kukufanya uzungushe pedali zaidi ya mara 2,000. Kosa dogo likirudiwa mara hizo zote, asubuhi na jioni, goti litalalamika tu.

Kipimo cha kuanzia ni rahisi. Vaa viatu unavyoendeshea, egemea ukuta au mwombe mtu aishike baiskeli, kisha kaa vizuri kwenye kiti. Weka kisigino juu ya pedali na uishushe mpaka chini kabisa. Hapo mguu unatakiwa unyooke wote, bila nyonga kuinamia upande mmoja. Ukiendesha hutumii kisigino; unakanyaga kwa ile sehemu pana ya unyayo iliyo nyuma ya vidole, kwa hiyo goti litabaki limekunjika kidogo, nyuzi 25 hadi 35 hivi. Kama kiti chako kiko chini sana, usikipandishe chote kwa siku moja. Pandisha nusu sentimita, endesha siku mbili tatu, kisha ongeza. Goti likianza kuuma kwa nyuma, au mtu anayekufuata akikuambia kiuno chako kinayumba kushoto na kulia, umepitiliza, shusha kidogo. Na angalia alama iliyochorwa kwenye nguzo ya kiti. Ukiiona ikitokeza nje ya fremu, usiendelee, kwa sababu nguzo inaweza kukatika au kuiharibu fremu.

Sasa utaniuliza: nikisimama nitakanyagaje chini? Hutasimama ukiwa umekaa. Ukipunguza mwendo, ondoka kwenye kiti, sogea mbele, simama juu ya mguu mmoja kwenye pedali iliyo chini, na mguu mwingine uguse ardhi. Kuondoka ni kinyume chake: inua pedali moja mpaka juu kidogo ya mbele, simama juu yake, baiskeli itakwenda, na wewe utakaa kwenye kiti ikiwa tayari inatembea. Fanya mazoezi hayo uwanjani kwa nusu saa. Nayatilia mkazo kwa sababu asiyeyajua atakishusha tena kiti chake kila atakapoingiwa na hofu.

Umesema ni goti la kulia peke yake, na baiskeli yako imetumika. Hapo nina shaka ya pili. Pedali iliyogonga chini au mkono wa pedali uliopinda huusokota mguu kidogo kila unapozunguka. Inama nyuma ya baiskeli, zungusha pedali ya kulia polepole kwa mkono, uone kama inacheza huku na huku. Ikicheza, mpelekee fundi. Ukitaka kuibadilisha mwenyewe, kumbuka kwamba pedali ya kulia hufunguka kama nati nyingine yoyote, lakini ya kushoto imechongwa hesi kinyume: ili kuifungua unazungusha spana kufuata mwelekeo wa saa. Watu wameharibu mikono ya pedali kwa kukaza wakidhani wanafungua.

Jambo la tatu kuhusu goti ni gia. Wengi huendesha kwenye gia nzito wakidhani ndiyo inayojenga nguvu, au kwa sababu wakiwa kwenye gia nyepesi wanahisi hawaendi. Hesabu mguu wako wa kulia unashuka mara ngapi kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa 4. Ukipata chini ya 60 kwenye barabara tambarare, gia yako ni nzito na goti ndilo linalolipa. Lenga 70 hadi 80; waliozoea huenda 90 bila shida. Mwanzoni utahisi unazungusha miguu bure, lakini mzigo unaohama kutoka kwenye goti huenda kwenye moyo na mapafu, na hivyo ni viungo vinavyopumzika upesi kuliko goti. Badilisha gia kabla ya mlima kuanza kukubana, na ukiwa bado unazungusha pedali kwa wepesi. Ukikaribia taa za barabarani au makutano, shuka kwenye gia nyepesi kabla hujasimama. Kuondoka kwa gia nzito, mara kumi njiani, kunatosha kuliamsha goti lililokuwa limepoa.

Ukishayarekebisha haya na goti likaendelea kuuma, au likavimba, nenda kwa daktari. Usilimalizie barabarani.

Kuhusu viganja: ganzi hutoka kwenye uzito. Neva inayokwenda kwenye kidole kidogo na cha pete hupita kwenye kiganja, upande wa nje, na ukiilalia usukani kwa nusu saa inabanwa. Angalia kwanza kama pua ya kiti imeinamia chini. Kiti kilichoinama hukuteremsha mbele, na wewe bila kujua unajizuia kwa mikono. Kiweke kiwe sawa na ardhi. Kama bado, usukani huenda uko mbali au chini mno kwako. Baiskeli nyingi huruhusu kuuinua kidogo, au kiti kusogezwa mbele kidogo kwenye reli zake. Kunja viwiko. Mkono ulionyooka hupitisha kila tuta mpaka begani, ilhali kiwiko kilichokunjwa hulimeza. Hamisha viganja mara kwa mara. Na ile hali uliyoieleza, ya kuukamata usukani kwa nguvu zako zote, nayo huchangia ganzi, kwa hiyo tukipunguza hofu tutakuwa tumesaidia na mikono.

Upepo wa matairi nao unahusika hapa. Tairi lililojazwa likawa gumu kama jiwe hukutingisha mwili mzima na hushika barabara vibaya zaidi kwenye changarawe. Tairi legevu nalo hukuchosha, na ukipiga shimo tyubu hubanwa kati ya rimu na barabara ikatoboka matundu mawili yaliyokaa sambamba. Ukiona matundu mawili ya namna hiyo, usitafute msumari. Tatizo lilikuwa upepo mdogo. Pembeni mwa tairi kumeandikwa kiwango cha juu, na mara nyingine cha chini pia. Watu husoma cha juu wakadhani ndicho wanachotakiwa kujaza. Hapana, hicho ni kikomo. Kwa mtu wa kilo 70 hivi mwenye matairi ya upana wa milimita 35 hadi 40, kuanzia 45 hadi 60 kwenye geji ya PSI ni pazuri, ilimradi usitoke nje ya viwango vilivyoandikwa. Tairi la nyuma liwe na upepo zaidi kidogo kuliko la mbele, kwa sababu ndilo linalobeba sehemu kubwa ya uzito wako. Kisha ujirekebishe mwenyewe: kama unahisi rimu ikigonga, ongeza, kama meno yanagongana kwenye kila kokoto, punguza. Na usingoje mpaka lilegee. Tyubu nzima isiyo na tundu hupoteza upepo siku hadi siku kwa sababu hewa hupenya taratibu kwenye mpira. Pampu yenye geji, mara moja kwa wiki, itakuondolea pancha nyingi kuliko kifaa kingine chochote utakachonunua.

Jasho. Hapa nitakupa hesabu, maana wengi huhangaika na manukato na nguo za bei kubwa wakati dawa iko kwenye mwendo. Ukiendesha kilomita 20 kwa saa, kilomita 9 utazimaliza kwa dakika 27. Ukienda kilomita 16 kwa saa, utatumia dakika 34 hivi. Umepoteza dakika saba. Lakini upinzani wa hewa haupandi sawasawa na mwendo: nguvu unayohitaji ili kuipasua hewa hupanda kwa mchemraba wa mwendo wako. Kutoka 20 kushuka hadi 16, nguvu hiyo hupungua karibu nusu. Kwa hiyo unatoka nyumbani dakika saba mapema, na mwili wako unafanya kazi ndogo zaidi kwa mbali. Asubuhi nenda polepole, kiasi kwamba ungeweza kuzungumza na mtu bila kuhema. Nguvu zako zimalizie jioni, unaporudi kuoga.

Kilomita ya mwisho ipunguze zaidi. Ukiwa mwendoni hewa inayokupiga hukausha jasho. Ukisimama tu, hewa inakata na joto lililobaki mwilini linafurika. Ndiyo maana mtu hushuka kwenye baiskeli akiwa mkavu, na dakika tano baadaye shati limeloa. Ukifika, usibadilishe nguo papo hapo. Kaa kidogo penye hewa, jifute kwa kitambaa chenye maji, subiri dakika kumi, ndipo uvae shati la kazi. Begi lisikae mgongoni. Lifunge kwenye keria au tumia mifuko ya pembeni. Mgongo uliofunikwa na begi hauna pa kupumulia, na uzito wa begi unaongeza mzigo kwenye makalio na viganja vyako.

Sasa magari. Hili ndilo ningependa ulisome mara mbili.

Mtu mwenye hofu hujibana ukingoni kabisa mwa barabara, akidhani anajificha na hatari. Kwa kweli anaialika. Ukiwa ukingoni dereva anaona nafasi ya kupita bila kubadili uelekeo, basi anapita hapo hapo, sentimita chache kutoka kwenye kiwiko chako. Pia unakuwa umejinyima pa kukimbilia: likitokea shimo, huwezi kulikwepa kwa ndani kwa sababu kuna gari, na nje kuna mtaro. Tena ukingoni ndiko matairi ya magari yanakosukumia vigae vya chupa, misumari na mchanga. Waendeshaji wanaolalamika kwamba pancha zinawaandama mara nyingi ndio wanaoendesha mtaroni.

Jiweke kama mita moja kutoka ukingoni na uende mstari ulionyooka. Dereva wa nyuma atakuona mapema, atalazimika kuzunguka, na wewe utakuwa na mita yako ya akiba upande wa ukingo. Pale njia inapokuwa nyembamba kiasi kwamba gari haliwezi kukupita salama, kwa mfano kwenye daraja jembamba, mzunguko mdogo au karibu na makutano, sogea katikati ya njia yako mpaka upapite, kisha rudi. Najua mara ya kwanza itakutisha. Lakini dereva anayekusubiri sekunde kumi hana hatari kwako. Wa hatari ni yule anayedhani mnatosha wote wawili.

Ukipita kando ya magari yaliyoegeshwa, jali milango. Mlango unaofunguliwa ghafla huchukua karibu mita moja, kwa hiyo usukani wako uwe mbali nao kwa mita 1.2 hadi 1.5. Na usijipenyeze kwenye mapengo kati ya gari moja lililoegeshwa na jingine, kwani kila unapotoka tena unaibuka ghafla mbele ya madereva.

Malori na mabasi ni habari nyingine. Dereva wa lori ana maeneo makubwa ambayo hayaoni, hasa mbele ya bumpa na kando ya chumba anachokaa. Kama huuoni uso wa dereva, au sura yake kwenye kioo cha pembeni, chukulia kwamba naye hakuoni. Lori linapokata kona, magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele. Hukata kwa ndani na kusaga kila kilicho kati yake na ukingo. Kwa hiyo kamwe usijipenyeze kati ya lori na ukingo kwenye makutano, hata kama kuna nafasi ya kupita baiskeli tatu, na hata kama kuna mstari wa baiskeli umechorwa hapo. Baki nyuma yake. Hakuna haraka inayostahili nafasi hiyo.

Gari linalongoja kuingia barabarani kutoka kando, usimtegemee dereva kwa macho yake tu. Mtu anaweza kukutazama moja kwa moja na asikutambue, kwa kuwa alikuwa akitafuta gari. Tazama gurudumu lake la mbele. Gurudumu likianza kuzunguka utaliona kabla hata gari lenyewe halijaonekana kusogea, na vidole vyako viwe tayari juu ya breki. Endesha kufuata uelekeo wa magari, si kinyume chake. Anayekwenda kinyume anaamini anaona hatari inayokuja, lakini dereva anayeingia kutoka kando hatazami upande huo kabisa, na mkigongana mwendo wenu wawili unajumlishwa.

Jifunze kutazama nyuma bila baiskeli kuyumba. Ugumu wake ni kwamba mkono hufuata kichwa. Legeza mkono ulio upande unaougeukia, geuza kidevu mpaka begani, tazama kwa nukta moja, rudi mbele. Fanya mazoezi kwenye barabara tupu mpaka uweze bila kufikiri. Hiki ndicho kitakachokuondolea hofu kuliko kofia au taa, maana hofu kubwa ya barabarani ni kutojua kilicho nyuma yako. Kofia ivae pia, iwe imekaa sawa juu ya paji la uso na si kisogoni, na mkanda uwe umekaza.

Kabla hujakubali kwamba njia yako ni ya hatari, hakikisha ni lazima uipite. Watu huchukua baiskeli na kufuata ile ile njia iliyokuwa ikipita gari lao. Siku ya mapumziko, bila haraka, zunguka mitaa ya nyuma. Kilomita moja au mbili zaidi kwenye mitaa tulivu ni bei ndogo, nami huichagua kila mara.

Breki. Hakikisha unajua mkono upi unakamata breki ya mbele, kwa sababu hutofautiana nchi na nchi, na aliyekuuzia huenda alizibadilisha. Ya mbele ndiyo inayosimamisha. Ukipiga breki, uzito wako unahamia mbele, gurudumu la nyuma linakuwa jepesi na huteleza kirahisi, ilhali la mbele linakandamizwa na kushika barabara. Wanaoiogopa kwa kusikia kwamba itawapindua hutumia ya nyuma pekee, na siku mtoto anapokatiza mbele yao hawasimami kwa wakati. Siri ni kuikaza hatua kwa hatua bila kuidaka ghafla, huku ukisukuma makalio nyuma na kuikaza mikono. Tumia zote mbili, baiskeli ikiwa imenyooka, kabla ya kona na si ndani yake. Zijaribu uwanjani mpaka ujue hasa baiskeli yako inasimama kwa umbali gani.

Mvua hubadilisha umbali huo. Kama breki zako ni za raba zinazobana rimu, mizunguko ya kwanza inafuta maji tu, ndipo zinapoanza kushika. Anza kubana mapema. Mistari ya rangi, mifuniko ya chuma na reli huwa na utelezi mkali, na hapo hakuna kupiga breki wala kukata kona. Reli zivuke kwa kuzikata, gurudumu likaribie pembe mraba, kwa sababu ukiziendea kwa mshazari tairi huingia kwenye mfereji wake. Dimbwi la maji usilokijua kina chake lizunguke. Madigadi yafunge mapema. Maji machafu yanayoruka kutoka kwenye tairi hulowesha zaidi kuliko mvua yenyewe.

Kwa usiku, taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma, na utepe wa kuakisi mwanga kwenye vifundo vya miguu au kwenye pedali. Kitu kinachopanda na kushuka humwambia dereva papo hapo kwamba mbele kuna mtu ananyonga baiskeli, wakati kizibao hung'aa tu bila kusema ni nini.

Baiskeli iliyotumika inahitaji ukaguzi ambao huenda muuzaji hakuufanya. Tazama kama matairi yana nyufa pembeni, kama nyaya za breki zimechanikachanika karibu na mkono wa breki, kama raba za breki zimeisha, na kama fremu ina ufa kwenye maungio. Kisha pima mnyororo. Weka rula katikati ya pini moja na uhesabu inchi 12: kwenye mnyororo mpya, pini nyingine itakaa juu ya alama ya 12 barabara. Ikiwa imepita kwa moja ya kumi na sita ya inchi, nunua mnyororo mpya. Ikiwa imepita kwa moja ya nane, umechelewa, na gia za nyuma huenda zimeliwa pia. Ukiweka mnyororo mpya juu ya gia zilizoliwa utaruka ruka ukikanyaga kwa nguvu. Kupaka mafuta kuna utaratibu wake. Futa mnyororo kwanza kwa kitambaa, dondosha tone moja kwenye kila kiungo kwa upande wa ndani, zungusha pedali kinyume, subiri, kisha ufute kwa nje mpaka ukaribie kuonekana mkavu. Mafuta yanahitajika ndani ya viungo. Yaliyobaki nje hukamata vumbi, na vumbi likichanganyika na mafuta linasaga chuma.

Njiani beba tyubu ya akiba, vikongoli vya kutolea tairi, pampu ndogo na viraka. Ukipata pancha, kabla ya kuweka tyubu mpya pitisha vidole polepole ndani ya tairi kote. Mwiba ulioitoboa ya kwanza mara nyingi bado umo, na utaitoboa ya pili kabla hujafika mbali. Tyubu uliyoitoa izibe nyumbani kwa utulivu, na ukumbuke kuiacha gundi ikauke kwanza kabla ya kubandika kiraka.

Usianze kwa kwenda kazini kila siku. Siku mbili au tatu kwa wiki, zikiachana, zinatosha mwezi wa kwanza. Misuli hujijenga siku za kupumzika. Na kama mtu nyumbani anakuuliza kama shida yote hii ina maana, mweleze kwamba mwaka 2017 jarida la tiba la BMJ lilichapisha utafiti uliofuatilia watu zaidi ya 260,000 nchini Uingereza, na waliokwenda kazini kwa baiskeli walikuwa na hatari ndogo zaidi ya kufa mapema katika miaka iliyofuatiliwa kuliko waliokwenda kwa gari au usafiri wa umma. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba sababu ni baiskeli peke yake, lakini unakubaliana na yote tunayoyajua kuhusu moyo unaofanyishwa kazi mara kwa mara.

Zile kilomita 40 unaweza kuziendesha, lakini si goti likiwa linauma. Likitulia, ongeza umbali taratibu: 15, kisha 20, kisha 28 hivi, na siku za kupumzika katikati. Atakayeweza 28 bila maumivu ataweza 40 kwa mwendo wa upole. Vaa kaptura yenye pedi bila nguo ya ndani, kwa sababu mishono ya nguo ya ndani ndiyo inayochubua ngozi. Kunywa maji kidogo kidogo tangu mapema. Safari ikizidi saa moja na nusu, kula kitu chepesi chenye wanga kabla njaa haijakushika, maana ikishakushika miguu inakuwa imeisha, na chakula kinachukua muda kufika kwenye misuli.

Kwenye kundi, kukaa nyuma ya mwenzako hupunguza sana kazi ya kupasua hewa, na watakuambia uwasogelee. Mara ya kwanza acha urefu wa baiskeli moja au mbili, na utazame mbali mbele ya mwenzako badala ya kukazia macho gurudumu lake. Kamwe usiliruhusu gurudumu lako la mbele lipishane ubavuni na lake la nyuma. Akisogea kidogo tu kukwepa shimo, magurudumu yatagusana, na anayeanguka ni wa nyuma. Waambie mapema kwamba wewe ni mgeni wa kundi, upewe nafasi ya nyuma kabisa, na mkubaliane mahali pa kungojeana.

Pandisha kiti leo, kabla ya safari ya kesho. Baada ya wiki mbili kama goti bado lina malalamiko, niandikie tena unieleze: linauma kwa mbele, nyuma au pembeni, linaanza dakika ya ngapi ya safari, na gia unayotumia kwenye tambarare ni ya ngapi.